Kwa nini maneno hupotea ndani ya chumba: mvumo, mwangwi na usikivu wa matamshi

Spika zina nguvu, msemaji ana sauti nzito, na bado watu wa safu za nyuma wanaulizana: "Amesemaje?" Hali hii hutokea kwenye kumbi za mikutano, madarasani, makanisani na misikitini. Hutokea pia redioni, pale mahojiano yanaporekodiwa katika ofisi yenye sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya vioo. Mara nyingi lawama huangukia vyombo. Zinanunuliwa spika kubwa zaidi, na kinachopatikana ni kelele kubwa zaidi isiyoeleweka.

Katika makala haya tunaeleza chumba kinaifanyia nini sauti ya mzungumzaji, kwa nini baadhi ya maneno hupotea kabla ya mengine, na mambo gani yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Sauti moja, njia nyingi

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Mwalimu anapotamka neno darasani, neno hilo halimfikii mwanafunzi mara moja tu. Ya kwanza kufika ni sauti iliyopita njia fupi, kutoka mdomoni hadi sikioni. Tunaiita sauti ya moja kwa moja. Nyuma yake hufuata nakala zilizogonga ukuta, dari, sakafu, ubao na dirisha kabla ya kufika. Kila nakala imesafiri mwendo mrefu zaidi, kwa hiyo inachelewa.

Ucheleweshaji huo ukiwa mdogo, hauna madhara. Wakati mwingine hata unasaidia. Mtafiti wa Kijerumani Helmut Haas alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1949 kwamba sikio huunganisha sauti ya kwanza na nakala zinazofika muda mfupi sana baadaye, na msikilizaji huzisikia zote kama sauti moja inayotoka kule ilikotoka ya kwanza. Kwa mazungumzo, mpaka unaotumika sana ni milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo sauti husafiri takriban mita 17. Nakala iliyozunguka mita chache tu kupita ile ya moja kwa moja inaipa sauti nguvu. Ndiyo maana kuzungumza ndani ya chumba kidogo ni rahisi kuliko kuzungumza katikati ya uwanja mtupu.

Taabu huanza nakala zinapochelewa kupita hapo. Kama nakala moja yenye nguvu inarudi peke yake, tuseme kutoka ukuta wa mbali wa ukumbi mrefu, tunasikia mwangwi: neno linajirudia. Lakini nakala zikiwa maelfu, zimebanana na kufifia polepole, hatusikii neno likijirudia. Tunasikia mkia wa sauti unaobaki chumbani baada ya mzungumzaji kunyamaza. Mkia huo ndio tunaouita mvumo katika makala haya. Mwangwi huudhi, lakini mvumo ndio unaoharibu maneno mengi zaidi.

Mito ya viti na saa ya kupimia

Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wajenzi walikuwa wakibahatisha. Ukumbi ulijengwa, ukafunguliwa, na hapo ndipo watu walipojua kama unasikika au hausikiki. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jengo la makumbusho ya sanaa la Fogg, na wanafunzi hawakuweza kumwelewa mhadhiri. Kazi ya kutafuta tiba alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, aliyekuwa na umri wa miaka 27.

Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipokuwa umetulia. Alipiga filimbi ya kinanda cha kanisani, akaizima, kisha akapima kwa saa muda ambao sauti iliendelea kusikika. Katika ukumbi mtupu ilidumu sekunde 5 na nusu hivi. Mzungumzaji wa kawaida hutamka silabi kadhaa kwa kila sekunde moja. Kwa hiyo silabi ya kwanza ya sentensi ilikuwa bado inavuma ukumbini wakati mhadhiri amekwisha kufika sentensi ya pili.

Kisha Sabine alianza kuleta mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, akaongeza michache michache na kupima upya kila mara. Kadiri mito ilivyozidi, ndivyo mvumo ulivyofupika. Kutokana na vipimo hivyo alipata kanuni ambayo wahandisi wa sauti wanaitumia hadi leo: muda wa mvumo hurefuka ujazo wa chumba unapoongezeka, na hufupika vitu vinavyofyonza sauti vinapoongezeka. Kwa vipimo vya mita, unazidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha unagawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Muda unaopatikana ni ule ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60, yaani kubaki sehemu moja ya milioni ya nguvu yake ya mwanzo.

Ukumbi wa Fogg ulifungwa vitambaa vizito vya sufu ukutani na ukaanza kutumika. Sabine aliitwa baadaye kushauri ujenzi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900. Huo hutajwa kuwa ukumbi wa kwanza mkubwa wa muziki kusanifiwa kwa kufuata hesabu ya sauti, na bado unahesabika miongoni mwa kumbi bora duniani.

Lakini chumba kizuri kwa jambo moja si lazima kiwe kizuri kwa jingine. Symphony Hall, ikiwa na watu, ina mvumo wa karibu sekunde 2. Hiyo ni sawa kwa okestra, ila ni mingi kwa mhadhara. Hagia Sophia mjini Istanbul ina mvumo unaozidi sekunde 10. Sauti ya kughani polepole hupendeza humo, lakini hotuba ya haraka huyeyuka. Darasa linahitaji kiasi cha sekunde 0.6, na studio ya redio hupungua zaidi ya hapo.

Kinachopotea kwanza ni konsonanti

Irabu ndizo zenye nguvu katika matamshi. A, e, i, o na u hutamkwa kwa sauti kubwa, hudumu, na nguvu yao kubwa iko kwenye masafa ya chini na ya kati. Konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu. Zile kama s, f, t, k na h ni pumzi au mpasuko wa hewa tu, na sehemu kubwa ya utambulisho wake iko kwenye masafa ya juu, kuanzia hezi 2,000 hivi na kupanda. Katika chumba chenye mvumo mrefu, irabu iliyotangulia inaendelea kuvuma na kuifunika konsonanti inayofuata. Masikio yanabaki na muziki wa irabu bila mipaka ya maneno.

Kiswahili kinaumia hapa kwa namna yake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo karibu kila konsonanti ina irabu iliyotangulia ya kuifunika. Na mara nyingi konsonanti moja hubeba maana yote. Linganisha "Waziri atakuja kesho" na "Waziri hatakuja kesho". Tofauti ni h moja, pumzi nyepesi iliyobanwa kati ya irabu mbili. Au "Maji haya ni salama" na "Maji haya si salama". Au saa sita na saa tisa: irabu ni zilezile, i na a, na kilichobadilika ni nafasi za s na t. Aliyekaa nyuma ya ukumbi wenye mvumo anaweza kuondoka na habari iliyo kinyume kabisa na iliyotolewa, tena akiwa na hakika kwamba amesikia.

Mtu mzima anayesikiliza lugha aliyoizoea hujaza mapengo kwa akili, kwa kuwa anajua neno gani linafaa mahali gani. Mtoto hana akiba hiyo ya maneno. Uwezo wa kutenganisha usemi na kelele unaendelea kukomaa mpaka umri wa ujana. Anayejifunza katika lugha ya pili naye hupata shida zaidi ya mwenye lugha, hata kama masikio yao ni mazima sawasawa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania, aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kuanza masomo kwa Kiingereza, anabeba mizigo yote miwili kwa pamoja. Chumba kibovu kinaweza kumfanya aonekane mzito wa kuelewa, kumbe hajasikia. Hali ni hiyohiyo kwa mzee ambaye masikio yake yamepoteza masafa ya juu: anasikia kwamba watu wanazungumza, lakini hapati wanachosema.

Kelele ya nyuma

Mvumo huwa na mshirika wake, nayo ni kelele ya nyuma: feni, jenereta, bodaboda barabarani, darasa la jirani. Kipimo muhimu ni tofauti kati ya sauti ya mzungumzaji na kelele hiyo. Kwa madarasa, wataalamu hupendekeza sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa angalau desibeli 15. Mazungumzo ya kawaida yakipimwa kwa umbali wa mita 1 huwa takriban desibeli 60. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 8, desibeli 18 zimekwisha kwenda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika jamii, lilipendekeza kelele ya nyuma darasani isizidi desibeli 35 wakati wa somo, na mvumo uwe karibu sekunde 0.6. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hata mwalimu anayepaza sauti hufunikwa, na somo husimama hadi mvua ipungue.

Kelele huwabadilisha pia wazungumzaji. Daktari wa Kifaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu aliye kwenye kelele hupandisha sauti bila kujitambua. Katika mgahawa wenye kuta ngumu kila meza hupandisha ili kuishinda meza ya jirani, na baada ya muda wote wanapiga kelele na hakuna anayesikia. Darasani anayelipa gharama ni mwalimu, ambaye koo lake hukauka kabla ya siku kwisha.

Hesabu ya darasa moja

Tuchukue darasa la mfano lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168. Tukizidisha kwa 0.161 tunapata 27.

Kuta zimepigwa lipu, sakafu ni ya saruji, dari ni ngumu. Nyuso za aina hii hufyonza takriban asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga. Kwa eneo lote la mita za mraba 202, ufyonzaji ni sawa na mita za mraba 6. Gawanya 27 kwa 6: mvumo ni sekunde 4 na nusu. Chumba hiki hakifai kwa somo.

Fungua madirisha yenye eneo la mita za mraba 6. Dirisha lililo wazi hurudisha karibu sifuri, na Sabine mwenyewe alilitumia kama kizio cha kupimia. Ufyonzaji unafika 12, mvumo unashuka hadi sekunde 2 na robo.

Waingize wanafunzi 40. Nguo na miili hufyonza. Tukikadiria mita ya mraba 0.35 kwa kila mtoto, tunaongeza 14. Jumla ni 26, na mvumo ni sekunde 1 na kidogo. Nafuu ipo, lakini bado hatujafika.

Sasa funika nusu ya dari, mita za mraba 28, kwa mbao laini za dari zinazofyonza asilimia 70. Jumla ya ufyonzaji inakaribia 45, na 27 ukigawanya kwa 45 unapata sekunde 0.6. Lengo limefikiwa, kwa nusu ya dari tu, bila kugusa kuta wala kununua spika.

Hesabu hii inaonyesha pia ugumu wa nchi za joto. Dirisha wazi ni mfyonzaji bora, lakini ndilo linaloleta kelele za barabarani. Palipo na barabara yenye magari mengi, dari laini ndiyo inayoleta faida, kwa sababu hupunguza mvumo bila kufungua mlango kwa kelele.

Trei za mayai na imani nyingine

Studio nyingi za mtaani zimebandikwa trei za mayai ukutani. Tunaulizwa mara kwa mara kama zinasaidia. Jibu fupi ni kwamba zinasaidia kidogo sana. Karatasi nyembamba hufyonza sehemu ndogo ya masafa ya kati na ya juu, huyaacha ya chini yakivuma, na haizuii kabisa sauti kutoka au kuingia. Juu ya hayo zinashika moto kwa urahisi, jambo la hatari katika chumba kilichojaa nyaya za umeme.

Inafaa kutofautisha kazi mbili. Kufyonza ni kupunguza mvumo ndani ya chumba. Hufanywa na vitu laini na vinene ambavyo hewa inaweza kupenya. Kuzuia ni kukata sauti isipite kwenda chumba cha pili. Hufanywa na uzito na kuziba nyufa. Ukuta wa tofali huzuia vizuri lakini haufyonzi. Godoro la sponji hufyonza lakini halizuii.

Unene nao una maana. Urefu wa wimbi la sauti ya hezi 500 ni karibu sentimita 69, na la hezi 100 ni zaidi ya mita 3. Kitambaa chembamba kilichobanwa ukutani hakina la kufanya na mawimbi hayo. Zulia jembamba na pazia jepesi hukata masafa ya juu peke yake, yaani yale yanayobeba konsonanti, na kuacha chumba kikinguruma. Pazia zito lenye mikunjo mingi, lililoning'inizwa sentimita 10 au 15 mbele ya ukuta, hufanya kazi kubwa kuliko pazia hilohilo lililoshikana na ukuta.

Kuta mbili zinazotazamana zikiwa ngumu hurushiana sauti kama mpira, na husikika mtetemo wa haraka ukipiga kofi. Kabati la vitabu lililojaa upande mmoja linatosha kuuvunja. Kuba na kuta zilizopinda kwa ndani hukusanya sauti mahali pamoja, hivyo aliyekaa sehemu moja hupata sauti kali na wa karibu yake hupata kidogo.

Spika: karibu na chini

Ukiongeza sauti ya spika, unaongeza sauti ya moja kwa moja na mvumo kwa kiwango kilekile. Uwiano kati yake haubadiliki, na uwiano huo ndio unaoamua kama neno linaeleweka. Kinachosaidia ni kuisogeza spika karibu na wasikilizaji na kuielekeza kwao, si kwenye dari au ukuta mtupu wa nyuma.

Kwa ukumbi mrefu, spika ndogo kadhaa zilizopangwa kandoni kwa sauti ya chini hushinda mbili kubwa za mbele. Jambo la kuangalia ni muda. Umeme hufika spika ya nyuma papo hapo, wakati sauti kutoka mbele huchukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Kwa mita 30 hiyo ni takriban milisekunde 90, na hapo msikilizaji wa nyuma atasikia kila neno mara mbili. Vichanganyio vingi vya kisasa vina sehemu ya kuchelewesha spika za nyuma. Fundi aiweke kulingana na umbali.

Kwa anayerekodi na anayezungumza

Maikrofoni haina akili ya kuchagua. Ukiwa chumbani, ubongo wako hutumia masikio mawili kumtenga mzungumzaji na mvumo. Rekodi ikishapita kwenye maikrofoni moja, msikilizaji wa redio hana msaada huo tena. Ndiyo sababu chumba kinachoonekana kizuri kwa waliomo kinaweza kusikika kama tangi la maji redioni.

Dawa ya kwanza ni umbali. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa desibeli 6 huku mvumo ukibaki palepale. Kiasi cha shubiri moja kinatosha, maikrofoni ikiwa pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za p na b zisiipige. Ya pili ni mahali. Gari lililoegeshwa na kufungwa vioo, chumba chenye kitanda na nguo zilizotundikwa, au kona yenye sofa na mapazia ni bora kuliko ukumbi wa mikutano uliong'arishwa. Anayetupigia simu kutoka nyumbani akae sebuleni, si jikoni wala kwenye ngazi, na asitumie spika ya simu.

Kabla ya kurekodi au kuhutubia, simama katikati ya chumba na upige kofi moja kali. Sauti ikikatika upesi, endelea. Ukisikia mkia unaodumu sekunde nzima au zaidi, hamia chumba kingine au ongeza vitu laini. Isipowezekana, badilisha usemaji: punguza mwendo, nyamaza kidogo baada ya kila kundi la maneno ili mvumo ushuke, na usiimeze silabi ya mwisho. Kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu kunaongeza irabu zaidi ya konsonanti.

Na kwa tangazo ambalo kosa lake lina madhara, kama saa ya kuanza mtihani, kiasi cha dawa au barabara iliyofungwa, tamka jambo hilo kwa njia mbili tofauti. Sema "saa tisa, yaani baada ya saa nane". Sema "hatakuja, safari yake imeahirishwa". Hata h ikimezwa na ukumbi, neno la pili litafika.